Uongozi Huanza kwenye Karai la Oili

Gatsata ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Gasabo, katika Jiji la Kigali, nchini Rwanda. Iko upande wa kaskazini ya jiji, kwenye mteremko wa mlima Jali, na chini yake hupita mto Nyabugogo pamoja na barabara kuu iendayo Gatuna, mpakani mwa Uganda. Kwa miaka mingi jina la mahali hapa limekwenda sambamba na gereji na vipuri vya magari. Msafiri aliyeshuka katika kituo kikuu cha mabasi cha Nyabugogo, kilicho jirani, akauliza wapi atapata taa ya gari au fundi wa injini, alionyeshwa Gatsata kwa kidole.

Siku hizi vijana wa Afrika Mashariki huitwa mara nyingi kwenye semina. Huko hufundishwa uongozi, kuutawala moyo, kuanzisha biashara na kutunza mazingira. Mafunzo hayo ni mema. Lakini mara nyingi hutolewa kimojakimoja, kama vyumba vinne visivyo na mlango wa kupitia toka kimoja hadi kingine. Kijana hutoka na vyeti vinne, asijue kwamba amefundishwa jambo moja. Ndugu msomaji, hapana haja ya kwenda mbali ili kuliona jambo hilo. Yatosha kulitazama karai la oili chafu lililo chini ya gari.

Maji hayana mpaka

Gari dogo huhitaji kiasi cha lita nne au tano za oili katika injini yake. Oili hiyo ikizeeka hutolewa, ikiwa nyeusi na imebeba chembe za chuma zilizosagika ndani ya injini. Idara ya Serikali ya Marekani inayosimamia mazingira imekuwa ikionya kwamba oili inayotolewa katika gari moja, kwa kubadilishwa mara moja tu, yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji matamu, yaani karibu lita milioni nne. Sababu yake yaeleweka. Oili haichanganyiki na maji wala haiozi upesi; hutanda juu kama shuka na kuyanyima maji hewa, na sumu yake huingia katika udongo na visima.

Sasa tuufuate mto. Nyabugogo hutoka katika Ziwa Muhazi, hupita bondeni chini ya Gatsata, kisha huingia katika mto Nyabarongo. Nyabarongo hukutana na Akanyaru, na mbele zaidi maji hayo huwa mto Akagera, ambao Watanzania huuita Kagera. Maji hayo huteremka kwenye maporomoko ya Rusumo, ambako Rwanda, Burundi na Tanzania zimejenga kwa ushirika kituo cha umeme cha megawati 80. Hupita Kyaka, katika Mkoa wa Kagera, na mwisho huingia katika Ziwa Viktoria.

Aidha, mzigo mwingi wa Rwanda hufika kwa malori kutoka bandari ya Dar es Salaam. Basi oili hupanda kwa barabara kutoka Tanzania, na taka yake ikitupwa ovyo hurudi kwa mto. Mwenye gereji aliye juu ya bonde anawaongoza watu asiowajua, apende asipende, kwa maana uamuzi wake huwafikia kabla ya salamu zake.

Mwanagenzi aliyemwaga

Tuchukue mfano wa jambo ambalo huweza kutokea katika gereji yoyote. Mwanagenzi wa miaka kumi na minane anafungua nati ya oili. Karai limewekwa vibaya, linapinduka, na lita nne zinatapakaa sakafuni. Mwenye gereji hayupo kwa dakika tano. Kijana ana njia mbili. Ya kwanza ni kumwaga mchanga au maranda ya mbao juu ya oili hiyo, kuizoa, kisha kumweleza mkubwa wake. Ya pili ni kuchukua ndoo ya maji, kuisukuma oili hadi mtaroni, na kunyamaza. Mtaro unakwenda bondeni. Baada ya mvua moja hapatabaki hata alama.

Ni ipi atakayoichagua? Jibu halimo katika bango la mazingira lililobandikwa ukutani. Limo katika kumbukumbu ya kijana huyo kuhusu siku aliyokosea mara ya mwisho. Ikiwa siku hiyo alitukanwa mbele ya wateja na kukatwa ujira wa juma, ataichukua ndoo ya maji. Ikiwa aliulizwa kwa utulivu, akaonyeshwa namna ya kusahihisha, atauchukua mchanga.

Hapa ndipo mambo yale manne yanapokutana. Mkubwa asiyeitawala hasira yake hawezi kuutunza mto, hata akiwa na nia njema, kwa sababu habari za kuvuja, kumwagika na kuharibika hazimfikii. Walio chini yake wamejifunza kuficha. Wahenga walisema hasira hasara, nasi twaweza kuongeza kwamba hasara hiyo mara nyingi humwangukia mtu wa tatu, aliye mbali, asiyejua lolote.

Watakuwapo watakaosema kwamba upole huzaa uzembe. Hoja hiyo ina uzito, kwani kazi ya ufundi haina nafasi ya mzaha: breki iliyofungwa kwa uzembe huua. Lakini kuitawala nafsi si kuacha kukemea. Ni kujua wakati wa kukemea na mahali pake. Kiongozi mwema huuliza kwanza "kimetokea nini?" kabla ya kuuliza "ni nani?" Huhakikisha kwanza kwamba oili imezuiwa. Kisha humwita kijana kando na kumweleza kosa lake waziwazi. Kesho yake hutazama kama karai lenyewe halikuwa bovu, maana huenda kosa lilikuwa la chombo na wala si la mkono.

Faida iliyomo katika pipa

Tukija upande wa biashara, wengi hudhani kwamba usafi ni gharama ya matajiri. Si kweli. Oili chafu iliyohifadhiwa katika pipa lenye kifuniko, bila kuchanganywa na maji wala petroli, ni mali: viwanda huweza kuisafisha na kuifanya oili tena. Betri kuukuu ina risasi inayoyeyushwa na kutumika upya. Chuma chakavu hupimwa kwa kilo. Fundi mmoja peke yake hukusanya kidogo mno, lakini mafundi kumi wenye pipa moja la ushirika wana kitu cha kuuza. Rwanda ina desturi ya kusaidia jambo hilo: vikundi vya kuweka akiba viitwavyo ibimina, vinavyofanana na upatu wetu, pamoja na vyama vya akiba na mikopo vilivyoanzishwa katika kila kata ya nchi hiyo.

Asiyejali bonde, kwa upande mwingine, hulipa baadaye. Sheria ya mazingira ya Rwanda ya mwaka 2005 ilizuia ujenzi katika umbali wa meta 10 kutoka mtoni na meta 50 kutoka ziwani. Viwanda vya Gikondo vilihamishwa kutoka bondeni. Nyandungu, bonde lililokuwa limeharibiwa, liligeuzwa kuwa bustani ya wananchi na kufunguliwa mwaka 2022. Bonde la Nyabugogo nalo limo katika orodha ya mabonde matano ya Kigali yaliyopangiwa kufufuliwa.

Kuhamishwa kunauma. Fundi huacha wateja, na mwenye kibanda cha chakula hupoteza walaji wake. Yapasa kiongozi wa serikali naye awe na moyo ule ule tunaoudai kwa mwenye gereji: aeleze mapema, asikilize malalamiko bila kufura, na aonyeshe mahali pa kwenda. Lakini sababu ya kuyaokoa mabonde si pambo. Katika miaka ya 2003 na 2004 bonde la Rugezi, kaskazini ya Rwanda, lilikuwa limekaushwa kwa kilimo kiasi kwamba maji ya maziwa Burera na Ruhondo yalipungua. Kituo cha umeme cha Ntaruka kikadhoofika, na nchi ikalazimika kuwasha jenereta za mafuta kwa gharama kubwa. Bonde lilipohifadhiwa, maji yalirudi. Mafunjo ambayo watu huyaona kuwa magugu tu huchuja maji, na huyazuia yasije kwa kishindo wakati wa mvua.

Somo hili nyumbani

Akina mama na akina baba, msidhani kwamba haya ni ya mafundi tu. Ovaroli ya gereji isifuliwe pamoja na nguo za mtoto. Kopo la oili, hata likioshwa mara ngapi, lisiwekwe maji ya kunywa wala mafuta ya kupikia. Betri mbovu isikae uani watoto wanapochezea, kwa sababu risasi hudhuru ubongo wa mtoto pole pole, bila dalili ya kuonekana mapema. Oili chafu isitumike kuwashia moto jikoni.

Zaidi ya hayo, tujiulize: mtoto akivunja kikombe katika nyumba zetu, huja kusema au huvificha vigae chini ya kitanda? Mtoto aliyezoea kuficha vigae ndiye mwanagenzi wa kesho atakayeisukuma oili mtaroni. Nchini Rwanda wazazi wa kijiji hukutana jioni kuzungumza juu ya malezi na amani ya nyumba, na Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wananchi wenye umri wa miaka 18 hadi 65 hutoka kwa umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mitaro na kupanda miti. Mambo hayo mawili yanategemeana. Mtaro unaosafishwa Jumamosi utajaa tena Jumatatu ikiwa nyumbani na kazini watu wanaogopa kusema ukweli.

Kwa hiyo, wewe uliye na watu chini yako, wawe watano katika gereji au watatu mezani, jaribu jambo moja juma hili. Atakapokuja mmoja wao na habari mbaya, mshukuru kwanza kwa kuileta. Kisha mchukue mchanga, mkazoe pamoja.