Breki Zisizokwamisha Magurudumu: Soko Lake na Maelezo Yake kwa Kiswahili

Dereva anapofungua swichi ya gari la miaka ya karibuni, taa ndogo ya manjano yenye herufi tatu, ABS, huwaka kwenye dashibodi kwa sekunde chache kisha huzimika. Aghalabu dereva huyo haitilii maanani. Pengine fundi amekwisha kumwambia kwamba gari lake "lina ABS", kama ambavyo angemwambia lina redio. Herufi hizo ni kifupisho cha neno la Kijerumani, Antiblockiersystem, na kwa bahati hulingana na kifupisho cha jina la Kiingereza. Ndiyo maana zimesafiri duniani bila ya kuhitaji tafsiri. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chombo hicho kilivyotoka katika magari machache ya bei ghali hadi kikawa kitu cha kawaida sokoni, nguvu zilizokisukuma, na sababu ya kusema kwamba katika Afrika ya Mashariki chombo kimefika kabla ya maelezo yake.

Kazi ya chombo

Gurudumu linalozunguka huishika barabara; gurudumu lililokwama hubururwa juu yake. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa jambo zima. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu zote juu ya lami iliyolowa, breki huweza kulikamata gurudumu likaacha kuzunguka ilhali gari bado linakwenda. Hapo tairi huteleza, na gari haliutii tena usukani: dereva hugeuza kulia, nalo likaendelea kule kule lilikokuwa likielekea. Madereva wa zamani walilikabili tatizo hilo kwa kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, jambo ambalo katika gereji huitwa kupampu breki.

ABS hufanya kazi hiyo hiyo kwa kasi ambayo mguu wa mwanadamu hauiwezi. Vihisio hupima mwendo wa mzunguko wa magurudumu. Kompyuta ndogo hulinganisha vipimo hivyo, na pindi inapotambua kwamba gurudumu fulani linapunguza mwendo kupita kiasi, huamuru vali ipunguze shinikizo la mafuta ya breki. Gurudumu likianza kuzunguka tena, shinikizo hurudishwa. Mambo hayo hurudiwa mara nyingi katika kila sekunde. Dereva huyasikia mguuni mwake, kwani pedali hutetemeka na kutoa mlio wa kugongagonga. Mtetemeko huo si hitilafu, bali ni dalili ya kwamba chombo kimo kazini.

Kutoka ndegeni hadi barabarani

Waliotangulia kunufaika hawakuwa wenye magari, bali marubani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Dunlop ya Uingereza ilitoa Maxaret, chombo cha kuzuia matairi ya ndege yasikwame wakati wa kutua. Mwaka 1966 chombo hicho kilitiwa katika gari la Jensen FF, lakini gari hilo lilikuwa la bei kubwa na yalitengenezwa yapata 320 tu. Mwaka 1971 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitoa mfumo wa kielektroniki wa magurudumu manne katika gari lake la Imperial, nao haukuenea.

Kizuizi kikubwa kilikuwa vile vipande vya kielektroniki vyenyewe. Mfumo uliojaribiwa Ujerumani mnamo 1970 ulikuwa na vipande takriban 1,000, na kila kipande ni mahali pengine pa kuharibika. Ulipobuniwa upya kwa njia ya dijitali, vipande hivyo vilipungua hadi takriban 140. Hapo ndipo, mwaka 1978, Mercedes-Benz walipoanza kuuza gari la S-Class likiwa na ABS ya Bosch, si kwa kila mnunuzi bali kwa yule aliyekubali kuongeza malipo. BMW walifuata mara moja. Mwaka 1985 Ford walilitoa gari la Scorpio huko Ulaya likiwa na ABS bila ya malipo ya ziada, na kwa tendo hilo chombo kikaanza kushuka kutoka kwa matajiri hadi kwa watu wa hali ya kati. Wakati huo huo chombo kilikuwa kikipungua uzito. Kile cha Bosch cha mwaka 1978 kilikuwa na uzito wa kilo 6.3, vilivyotengenezwa miongo mitatu baadaye vilifikia kilo moja na ushei.

Bei na sheria

Ingedhaniwa kwamba kushuka kwa gharama peke yake kungetosha kukieneza chombo. Sivyo ilivyokuwa. Mnunuzi wa gari huona rangi, hukalia kiti, husikia redio. Breki hazioni mpaka siku ya hatari. Akipewa hiari ya kulipia kitu asichokiona, wengi huiacha. Kwa hiyo historia ya soko la ABS ni historia ya hiari iliyogeuzwa kuwa lazima.

Magari makubwa ndiyo yaliyotangulia. Huko Marekani, malori mapya ya kuvuta matela yalilazimishwa kuwa na ABS tangu Machi 1997, na matela yenyewe mwaka mmoja baadaye. Katika Ulaya, watengenezaji wa magari waliahidi kwamba tangu katikati ya mwaka 2004 kila gari jipya la abiria litakuwa na chombo hicho. Kisha ukaja mfumo wa pili, ule wa kulidhibiti gari lisiserereke pembeni, ambao hutumia vihisio na vali zile zile za ABS. Marekani iliufanya mfumo huo kuwa lazima kwa magari mapya yote kufikia mwaka 2011, nayo Ulaya ikakamilisha jambo hilo mwaka 2014. Marekani haikuwahi kutunga sheria ya kulazimisha ABS yenyewe katika magari madogo. Ilingia kwa mlango wa sheria nyingine.

Matokeo yake ni kwamba katika magari mapya ya nchi hizo ABS haiuzwi tena kama kitu cha peke yake. Imekuwa sehemu ya mfumo mpana wa breki, na wanaoutengeneza ni kampuni chache kubwa, kama vile Bosch na ZF za Ujerumani, Advics ya Japani na Mando ya Korea ya Kusini. Magari ya umeme nayo yameleta haja mpya: mota ya gari hilo hupunguza mwendo na kurudisha umeme katika betri, kwa hiyo kompyuta hapana budi iamue ni kiasi gani kifanywe na mota na ni kiasi gani kifanywe na breki za kawaida. Mashindano ya kampuni hizo sasa yamo katika kuviunganisha vyombo hivyo vyote ndani ya kifaa kimoja.

Zamu ya pikipiki

Soko la magari likiwa limeshiba, nafasi ya kukua imebaki kwa pikipiki. BMW ilitoa pikipiki ya kwanza ya kuuzwa yenye ABS ya kielektroniki mwaka 1988, na kwa muda mrefu chombo hicho kilibaki kwa pikipiki kubwa. Haja yake, hata hivyo, ni kubwa zaidi kwa pikipiki kuliko kwa gari. Gari likiteleza bado limesimama juu ya magurudumu manne. Gurudumu la mbele la pikipiki likikwama, mpanda pikipiki huanguka. Taasisi ya bima inayoshughulikia usalama wa barabara huko Marekani imekadiria kwamba pikipiki zenye ABS zilihusika katika ajali za vifo kwa kiwango cha chini kwa asilimia 22 kuliko zile zile zisizokuwa nayo.

Sheria zilifuata. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2016 kwa aina mpya na tangu 2017 kwa pikipiki mpya zote, ABS ikawa lazima kwa zile zenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 125. India, ambayo ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya pikipiki duniani, ilifanya hivyo tangu Aprili 2018 kwa aina mpya na Aprili 2019 kwa zote. Zile ndogo ziliruhusiwa kutumia njia rahisi zaidi, ambapo kukanyaga breki moja huzishika breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Sababu ya kuzitenga ni bei: katika pikipiki ndogo, gharama ya ABS ni sehemu kubwa ya thamani ya chombo kizima.

Yafaa hapa kumkumbuka mwendesha bodaboda. Pikipiki nyingi za kazi hiyo katika Kenya, Uganda na Tanzania hutoka India na China, nazo zina injini za sentimita za ujazo 100 hadi 150. Sheria ya India huzibana pikipiki zinazouzwa ndani ya India. Haimlazimishi mtengenezaji kuitia ABS katika ile inayopakiwa melini kuletwa huku. Kwa hiyo yule anayebeba abiria wawili katika mvua, na ambaye angenufaika kuliko wengi, ndiye ambaye soko limemfikia mwisho.

Hali ya Afrika ya Mashariki

Kwa upande wa magari mambo ni kinyume chake. Mengi ya magari madogo yanayosajiliwa Kenya kwa mara ya kwanza yamekwisha kutumika Japani, nayo kwa kanuni za nchi hayapaswi kuzidi umri wa miaka minane. Hivyo kila mabadiliko ya soko la Japani hufika bandari ya Mombasa baada ya miaka michache. Mnunuzi wa Nairobi au Eldoret hakuitaka ABS, wala hakuikataa. Aliikuta ndani ya gari. Kitabu cha maelezo, kama kimo, kimeandikwa kwa Kijapani.

Upungufu huo wa maelezo una madhara yanayoonekana. Kwanza, dereva aliyefunzwa kupampu breki huendelea kupampu, na kila anapoachia pedali huondoa lile shinikizo ambalo kompyuta ililihitaji. Pili, anayesikia pedali ikitetemeka chini ya mguu wake kwa mara ya kwanza hudhani breki zinavunjika, akaondoa mguu katika sekunde ile ile aliyouhitaji. Tatu, taa ya ABS ikiwaka bila ya kuzimika, breki za kawaida bado hufanya kazi. Basi mwenye gari huona hakuna haraka, na hutokea taa yenyewe ikazimwa ili isimsumbue.

Lipo na jambo la nne, nalo ni la nchi zenye barabara za vumbi. Juu ya kokoto au murram iliyolegea, gurudumu lililokwama husukuma kifusi mbele yake, na kifusi hicho husaidia kulisimamisha gari. ABS huzuia jambo hilo, kwa hiyo gari huweza kwenda mbali zaidi kabla ya kusimama, ingawa usukani hubaki mkononi mwa dereva. Asiyelijua jambo hilo hukaribia mno gari la mbele kwa kuamini kwamba breki mpya ni breki za nguvu zaidi.

Kwamba imani huweza kuipunguza faida ya chombo si dhana tu. Katika mji wa Munich, miaka ya 1980, teksi zenye ABS na zisizokuwa nayo zilichunguzwa pamoja. Zilizokuwa nayo hazikupata ajali chache kuliko nyingine, na madereva wake walionekana kuendesha kwa ujasiri zaidi. Nayo idara ya usalama barabarani ya Marekani, katika uchunguzi wa mwaka 2009, iliona kwamba ABS ilipunguza ajali zisizo za vifo za magari madogo kwa takriban asilimia 6, ilhali kwa ajali za vifo jumla yake ilikaribia sifuri.

Suala la jina

Mtu aliyetaka kulifasiri jina hilo neno kwa neno angeweza kusema "breki zisizofunga". Kosa lake ni la hatari. Katika Kiswahili, kufunga breki ni kusimamisha gari. Dereva "amefunga breki" maana yake amezikanyaga. Breki zisizofunga, basi, ni breki zisizoshika, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayenunua gari lenye breki hizo. Kinachozuiwa kukamatwa ni gurudumu, si breki. Jina lililotumiwa katika makala haya, breki zisizokwamisha magurudumu, ni refu, na neno kukwama lenyewe humkumbusha msikizi gari lililozama topeni. Walakini linaweka tendo mahali pake. Huenda mafundi wakaendelea kusema ABS, na hapana ubaya.

Jambo kubwa zaidi ya jina ni yale maneno machache yanayopaswa kulifuata. Shule za udereva, wauzaji wa magari na mafundi wanaweza kuyasema kwa Kiswahili kisichohitaji istilahi yoyote mpya: katika hatari, kanyaga pedali kwa nguvu, usiiachie hata ikitetemeka, elekeza usukani unakotaka kwenda, na juu ya kokoto, jiachie nafasi kubwa zaidi. Taa ikibaki inawaka, mpelekee fundi. Chombo kilichochukua miongo kadhaa kutoka katika ndege hadi kufika katika gari la mtumba huko Kisumu kimekwisha kulipiwa na mwenye gari, na maneno hayo ndiyo yanayomwezesha kukitumia.