Elimu ya Sauti (5): Mashine Inasoma Tulichoandika

Habari kwamba simu na kompyuta sasa husoma Kiswahili kwa sauti zimepokewa kwa shangwe, na kwa kicheko kila mashine inapoteleza. Tulikwisha kuona katika makala zilizotangulia jinsi ulimi, meno na nyuzi za sauti zinavyofanya kazi. Leo nadai kwamba kosa la mashine ni la kwetu, tena la tangu zamani: elimu ya sauti tunayo, ila hatuandiki sauti zetu zote.

Wako wanaodhani fonetiki ililetwa pwani na wageni wa Ulaya. Si kweli. Katika karne ya 8, huko Basra, al-Khalil bin Ahmad alipanga kamusi yake, Kitab al-Ayn, kwa kufuata mahali sauti inapotokea: alianzia kooni, akaja mbele hadi midomoni. Elimu ya namna hiyo imo katika tajwidi, kanuni za kusoma Kurani, na mtoto wa chuoni Lamu au Unguja hufundishwa makhraj (mahali inapotokea) ya kila herufi kabla hajasikia neno fonetiki. Mwishoni mwa karne ya 19, mmisionari William Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliandika Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa alama zilizotenga sauti ambazo hati ya Kilatini ilizichanganya. Kwa mfano, weka kiganja mbele ya midomo, umwambie Mmvita wa asili atamke paa la nyumba, kisha paa wa porini. Wa porini atatoka na pumzi inayogonga kiganja. La nyumba halina pumzi hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa kaa wa baharini na kaa la moto. Mpumuo huo una asili yake: ni alama iliyoachwa na kiambishi cha king'ong'o kilichodondoka. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Carl Meinhof, bingwa wa sauti za Kibantu, alihudhuria. Hata hivyo, tahajia sanifu tuliyorithi haina alama ya mpumuo.

Mtu atasema muktadha unatosha, kwani hakuna anayeezeka nyumba kwa mnyama. Kwa msomaji mzoefu, hoja hiyo ina nguvu. Mwanafunzi mgeni na mashine hawana uzoefu huo. Mwingine atasema mamilioni ya wasemaji wa bara hawatumii mpumuo wala hawapungukiwi na kitu. Nakubali, na sidai walazimishwe, wala tahajia ibadilishwe. Ninachodai ni kamusi ionyeshe matamshi kando ya kidahizo. Kukiacha kitu kwa sababu wengi hawakitumii ni uvivu uliovaa joho la usawa.

Kiimbo nacho kimeonewa zaidi. “Umekula” ni taarifa au swali kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu. Neno halibadiliki hata herufi. Mkazo nao hauandikwi: barabara ya magari ina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali barabara yenye maana ya sawasawa huikazia “ra” ya kwanza, na maandishi hayatofautishi. Mashine iliyolishwa maandishi matupu itabahatisha. Basi watunga kamusi na walimu waanze kuyaandika matamshi haya sasa, wakiwasikiliza wazee wa Mvita, Lamu na Unguja. Lugha ikipuuzwa na wenyewe, haina haki ya kulalamika ikisomwa vibaya na wengine.