Mdoli wa Haydom na Mikono Inayosahau

Mwezi Aprili 2010, watumishi wa wodi ya wazazi katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walipewa mafunzo ya siku moja kuhusu namna ya kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua. Mafunzo hayo yalikuwa ya mtindo mpya. Mihadhara mirefu iliwekwa kando. Washiriki walifanya kazi wawili wawili, wakiwa na mdoli wenye umbo la mtoto mchanga, mfuko wa hewa wenye barakoa, na chati ya picha inayoonyesha hatua za kufuata. Miezi saba baadaye walipimwa tena mbele ya mdoli. Kabla ya mafunzo, waliofaulu zoezi la kumhuisha mtoto asiyepumua walikuwa asilimia 18. Sasa walikuwa asilimia 74. Mwalimu yeyote angeyapokea matokeo hayo kwa furaha na kufunga daftari lake.

Watafiti wa Haydom hawakulifunga. Waliingia katika chumba cha kujifungulia wakaangalia watoto halisi walikuwa wanatendewa nini. Idadi ya watoto waliopewa hewa kwa mfuko haikubadilika. Idadi ya waliosafishwa njia ya hewa haikubadilika pia. Kule kumsugua mtoto mgongoni ili aamke na kupumua, hatua nyepesi kuliko zote, kulipungua badala ya kuongezeka. Wahudumu wale wale waliofanya vema mbele ya mdoli walikuwa wakirudi kitandani kwa mzazi na kufanya kama walivyozoea.

Taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 2013, na ingefaa isomwe na kila mtu anayepanga bajeti ya vifaa vya kufundishia, awe katika chuo cha uuguzi au katika shule ya sekondari. Inatenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni kitu kimoja: kufaulu somo na kubadili utendaji.

Ili kuelewa kilichokuwa hatarini, ni vema kukumbuka kinachotokea katika dakika ya kwanza ya maisha. Mtoto akiwa tumboni hupata oksijeni kutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma, na mapafu yake yamejaa majimaji. Anapozaliwa, lazima avute hewa, majimaji yale yaondoke, na damu ianze kupita kwa wingi mapafuni. Wengi hufanya hivyo wenyewe na kulia. Takriban mmoja kati ya kumi huhitaji msaada wa namna fulani, na kwa walio wengi kati ya hao kukaushwa vizuri na kusuguliwa mgongo kunatosha. Wanaobaki, wachache tu katika kila mia, hawataanza kupumua mpaka wapewe hewa kwa mfuko na barakoa. Wakunga huiita dakika hiyo dakika ya dhahabu, kwa kuwa kadiri hewa inavyochelewa ndivyo mapigo ya moyo yanavyopungua na ubongo unavyozidi kudhurika.

Kazi yenyewe huonekana rahisi kwa anayetazama. Barakoa ifunike mdomo na pua bila kuziba macho, ibane bila kuvujisha. Kichwa kisiinamishwe wala kisipinduliwe mno nyuma. Mfuko ubinywe mara 40 hadi 60 kwa dakika. Kifua kionekane kikipanda. Kisipopanda, hewa haijaingia, na mhudumu lazima arekebishe mkono wake papo hapo huku mama akiuliza kwa nini mtoto halii.

Sasa chukua kituo ambacho akina mama 60 hujifungua kila mwezi. Watoto watakaohitaji mfuko wa hewa huenda wakawa watatu. Zamu zikigawanywa kwa wakunga wanane, mkunga mmoja anaweza kupitisha miezi miwili au mitatu bila kuugusa mfuko huo. Ujuzi ambao haukosi kuhitajika, lakini unahitajika kwa nadra, ndio unaopotea upesi kuliko mwingine. Mwaka 1885, mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hututoka mapema sana, na kwamba kurudia kwa vipindi hupunguza upotevu huo. Elimu ya tiba imeijua kanuni hii kwa zaidi ya karne moja na bado hupenda semina ya siku tano yenye cheti na picha ya pamoja.

Hatua iliyofuata Haydom ilikuwa ndogo kiasi kwamba ni rahisi kuipuuza. Kuanzia mwaka 2011, mazoezi ya mdoli yaliletwa mahali pa kazi penyewe na kufanywa kila wiki, kwa dakika tatu hadi tano tu. Mkunga anafika zamu, anamkuta mdoli, anamhuisha, mwenzake anamtazama na kumsahihisha, kisha kazi inaendelea. Watafiti walilinganisha watoto waliozaliwa katika mwaka wa kabla na mwaka wa baada ya utaratibu huo, karibu 4,900 kabla na 4,800 baada. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Kuna jambo moja katika takwimu hizo linalostahili kutazamwa kwa utulivu. Watoto waliosuguliwa na kusafishwa njia ya hewa waliongezeka, lakini waliopewa hewa kwa mfuko walipungua, kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9. Kwa mtazamo wa haraka hilo lingeonekana kuwa ni kurudi nyuma. Maelezo yanayokubaliana zaidi na fiziolojia ni kwamba hatua za mwanzo zilipofanywa vema na mapema, watoto wengi zaidi walianza kupumua kabla ya kuufikia mfuko. Ni kweli kwamba utafiti wa kulinganisha kabla na baada, katika hospitali moja, hauwezi kuondoa kila shaka. Mambo mengine huweza kubadilika ndani ya miaka miwili. Hata hivyo mdoli alikuwa yule yule, watumishi wengi walikuwa wale wale, na somo halikuwa jipya. Kilichobadilika ni ratiba na mahali.

Mdoli mwenyewe ana nasaba ya kuvutia. Åsmund Lærdal alikuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto katika mji wa Stavanger, Norway. Mwishoni mwa miaka ya 1950 madaktari walimwendea wakihitaji umbo la mtu la kufundishia upulizaji wa hewa mdomo kwa mdomo, na mwaka 1960 sanamu yake iitwayo Resusci Anne ikaanza kutumika. Mdoli mchanga, NeoNatalie, aliyetokea nusu karne baadaye katika kampuni hiyo hiyo, hana umeme wala skrini. Hujazwa maji ya uvuguvugu ili awe na uzito na ulegevu wa mtoto, na mkufunzi hubinya vipira vidogo kumfanya apumue, alie, au kitovu chake kipige. Kwa wanaodhani kwamba ufundishaji mpya lazima uanze na kompyuta, huyu ni mfano wa kuwatuliza.

Darasani kwenyewe hali haiko mbali na ya wodini. Mwanafunzi wa udaktari hukaa mbele ya projekta kwa saa mbili, slaidi 90 zikipita, kisha hutumiwa slaidi hizo kwenye simu na kuzisoma tena na tena usiku wa kuamkia mtihani. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baadhi walikisoma mara ya pili, wengine walitakiwa kuandika walichokikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikumbuka zaidi, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliosoma tena asilimia 42. Kusoma tena hutoa raha ya kufahamu, na raha hiyo hudanganya.

Udanganyifu huo humpata mwalimu pia. Katika utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Harvard na kuchapishwa mwaka 2019, wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa kushirikishwa kutatua maswali walifanya vizuri zaidi katika jaribio kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri, lakini wenyewe walihisi wamejifunza kidogo zaidi. Mhadhiri anayejaribu mbinu hizi katika vyuo vyetu, akaishia kulaumiwa kwamba hafundishi bali anawaachia wanafunzi kazi yake, asishangae. Afadhali awaeleze sababu tangu wiki ya kwanza. Wala hahitaji mitambo: swali moja lenye majibu manne, kadi nne za rangi kwa kila mwanafunzi, na dakika mbili za kubishana na jirani kabla ya jibu kutolewa hutosha kuamsha ukumbi wa watu 200. Simu hufanya kazi hiyo hiyo kwa unadhifu zaidi pale mtandao ulipo. Mhadhara uliorekodiwa ukitumwa mapema, uwe wa sauti na wa kupakuliwa chuoni, kwani mwanafunzi anayenunua bando la siku hataimaliza video ya saa nzima.

Mahali ambapo teknolojia huongeza kitu kisichopatikana kwa njia nyingine ni pale inapoona kile ambacho jicho la mkufunzi halioni. Mdoli wa kizazi kipya ana vitambuzi ndani yake. Huunganishwa na kishikwambi, na mkunga akimaliza zoezi huonyeshwa kama barakoa ilivuja, alibinya mfuko kwa kasi gani, na alichukua sekunde ngapi kabla ya kuanza. Anaweza kufanya mazoezi saa nane usiku, peke yake, bila kusubiri mkufunzi atoke mjini. Mdoli huyo alikuwa sehemu ya mpango mpana uliotekelezwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, pamoja na vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto na utaratibu wa kila kituo kutumia takwimu zake. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2025, yalionyesha vifo vya watoto wakati wa uchungu na katika saa 24 za kwanza vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000. Yalionyesha pia tofauti kubwa kati ya mkoa na mkoa, ingawa vifaa vilikuwa vya aina moja.

Tofauti hiyo inawarudisha wasimamizi kwenye maswali yasiyopendeza kuandikwa katika maombi ya fedha. Nani anashika ufunguo wa kabati alimofungiwa mdoli? Je, likizo ya mtu huyo ikifika, mazoezi yanasimama? Kishikwambi huchajiwa wapi, na nani huthubutu kukiacha mezani bila kuogopa kulipishwa kikipotea? Katika vituo ambako mdoli amewekwa karibu na meza ya kupokezana zamu, na daftari la mahudhurio limefungwa kwa uzi juu ya meza hiyo, mganga mfawidhi anaweza kujua kwa kutupa jicho moja tu kama wiki hii kuna aliyemgusa. Maji ya ndani hubadilishwa mara kwa mara, na barakoa ya mazoezi huwekwa alama ili isichanganywe na ya watoto.