Kamera ngumu au DSLR ya zamani: mtaji uende wapi?

Mpiga picha wa Mbagala au Tegeta anayeanza kwa mkopo wa kikoba hana nafasi ya kununua kamera mbili. Atanunua moja, na hiyo moja ndiyo itakayolipa marejesho, kodi ya fremu na mahitaji ya nyumbani. Kwa hiyo kuchagua kati ya kamera ndogo ngumu isiyoingiza maji na kamera kubwa ya kubadili lenzi, yaani DSLR iliyokwisha kutumika, ni suala la mtaji kabla ya kuwa suala la picha.

Bei za DSLR za zamani zimeshuka kwa sababu zilizo nje kabisa ya Kariakoo. Kwa mujibu wa CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 121 duniani. Mwaka 2021 zilikuwa kama milioni 8.4 tu. Simu za mkononi zilimaliza soko la kamera ndogo za kawaida, na wapiga picha wa nchi tajiri nao wakahamia kamera mpya zisizo na kioo ndani. Walichokiacha ndicho kinachopatikana leo kama mtumba. Canon 5D Mark II iliyotoka mwaka 2008 ikiuzwa dola 2,699 bila lenzi, leo imo mkononi mwa mtu ambaye wakati ule asingethubutu hata kuuliza bei yake.

Kamera ndogo zilizonusurika ni zile zinazofanya kazi ambayo simu haiiwezi, na ngumu ni mojawapo. Mfano unaojulikana zaidi ni Olympus Tough TG-6 ya mwaka 2019. Kiwanda kinasema inazama mita 15 bila kasha, inastahimili kuanguka kutoka mita 2.1 na inabeba mzigo wa kilo 100 bila kupasuka. Biashara ya kamera ya Olympus ilihamishiwa kampuni ya OM Digital Solutions tarehe 1 Januari 2021, ndiyo maana TG-7 ya mwaka 2023 ina jina la OM System. Mnunuzi asidhani ni feki. Betri ni ileile ya LI-92B, jambo jema kwa mwenye betri za akiba.

Ukisoma sifa hizo harakaharaka, kamera ngumu inaonekana imetengenezwa kwa ajili ya Dar es Salaam: vumbi la Chamazi, mvua za masika, bodaboda inayoruka matuta. Hata hivyo, swali la mfanyabiashara si kamera ipi itadumu. Swali ni nani atalipa, na atalipia picha ya nini.

Kazi kubwa ya mpiga picha wa pembezoni ni sherehe. Kitchen party, send-off, harusi, kipaimara, ubarikio, mahafali ya chekechea. Nyingi zinafanyika usiku au ndani ya kumbi ambazo taa zake zimewekwa kwa ajili ya urembo, si kwa ajili ya picha. Hapo ndipo kamera ndogo inaposhindwa, na sababu yake ni ya vipimo. Kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga badala ya filamu, ambacho mafundi hukiita sensa, kwenye TG-6 kina ukubwa wa takriban milimita za mraba 28. Kwenye Canon 600D ya mwaka 2011 kina takriban 332, karibu mara 12. Sensa kubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi, na picha haijai chengachenga. Ni kweli lenzi ya TG-6 inafunguka vizuri, f/2.0 ikiwa haijavutwa, lakini ukivuta kumfuata bibi harusi aliye mbali inapungua hadi f/4.9. Mwenye DSLR ananunua lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa kwa Canon na Nikon, na anabana flashi kubwa juu ya kamera. TG-6 haina mahali pa kubana flashi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga picha wenyewe hawapendi kulisema. Mteja aliyelipia harusi anataka kuona kamera kubwa. Akitokea mtu na kadude kanakoingia mfukoni, wakati shangazi wa bwana harusi ana simu yenye kamera tatu, mazungumzo ya bei yanakuwa magumu. Huo si utaalamu, ni soko, na soko halibishaniwi.

Basi kamera ngumu ina wateja gani? Wapo, ila si wale wanaofikiriwa na wengi. Kunduchi ndiko boti za kwenda kisiwa cha Mbudya zinakoondokea, na mwisho wa wiki watu hujaa huko kuogelea. Picha ya familia ikiwa ndani ya maji, au ya samaki na matumbawe, simu nyingi zinaogopa na DSLR haiwezi bila kasha la maji, ambalo mara nyingi bei yake inazidi ya kamera yenyewe. Ifahamike tu kwamba Mbudya, pamoja na Bongoyo, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Kuna kiingilio, na anayekwenda kibiashara aulize kibali kwanza ili gharama hiyo iingie kwenye hesabu. Wateja wengine ni makandarasi wanaohitaji picha za maendeleo ya ujenzi, wenye visima na mabomba, na wapima hasara. Hawa wanataka picha inayosomeka, iliyopigwa mchana, tena kila wiki. Mkataba wa namna hiyo ni mzuri kuliko harusi tatu za kubahatisha.

Ugumu unaanza pale mtu anapokuta kamera ngumu iliyotumika kwa bei nafuu. Kinachozuia maji ni mipira myembamba kwenye vifuniko vya betri na vya waya. Mtengenezaji mwenyewe anashauri ibadilishwe kila mwaka hata kama haionekani kuchakaa. Unywele mmoja au punje ya mchanga ikikaa kwenye mpira, maji yanapita. Muuzaji hawezi kuthibitisha kwamba mipira ni mizima, na mnunuzi hawezi kuitumbukiza kamera kwenye ndoo dukani. Kwa maneno mengine, sifa inayolipiwa ndiyo isiyopimika. Kamera ngumu inunuliwe mpya, yenye dhamana, au isinunuliwe kabisa.

DSLR ya mtumba ni kinyume chake: karibu kila kitu kinapimika mezani. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya vumbi. Mulika tochi upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili; nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni fangasi, ugonjwa wa kawaida katika joto na unyevu wa pwani, na lenzi yake isinunuliwe hata kwa nusu bei. Mwisho, shata. Nikon ilijaribu shata ya D90 kwa mibofyo 100,000 na ya D7000 kwa 150,000. Canon ilitaja 150,000 kwa 5D Mark II. Idadi iliyokwisha kutumika hujificha ndani ya faili la picha kwa kamera za Nikon, na programu ya kawaida ya kompyuta inaweza kuisoma. Kwa Canon za zamani picha haitoshi. Inabidi kamera iunganishwe na kompyuta kwa waya. Muuzaji anayekataa hilo ameshajibu swali.

Namba hiyo inageuka kuwa hesabu. Tuchukue mfano wa D7000 iliyokwisha kupiga 90,000, ikauzwa pamoja na lenzi kwa Sh. 720,000. Imebaki 60,000. Harusi moja ikila mibofyo 1,000, zimebaki harusi 60, na kamera inagharimu Sh. 12,000 kwa kila harusi. Kwa harusi mbili kwa mwezi ni miaka miwili na nusu. Shata haifi siku namba inapofika, nyingine huvuka mbali, lakini anayepanga marejesho asitegemee bahati.

Upande wa pili, kamera ngumu mpya ikigharimu Sh. 1,400,000 na safari moja ya Mbudya ikibakiza Sh. 40,000 baada ya boti na kiingilio, zinahitajika safari 35 kurudisha mtaji. Ukitoa Jumamosi za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hiyo ni sehemu kubwa ya mwaka bila faida. Kila msomaji aweke bei zake mwenyewe, lakini asiache kuhesabu siku za mvua.

Kwa walio wengi Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tegeta, basi, DSLR ya zamani ndiyo inayolipa. Si kila moja. D90 ilikuwa DSLR ya kwanza kurekodi video, lakini haina tundu la maikrofoni, na harusi bila sauti ya MC ni nusu ya kazi. 600D inalo, na inatumia memori kadi za kawaida za SD. 5D Mark II nayo inalo, lakini inatumia kadi za CompactFlash ambazo hazipatikani kila duka, na vijipini vya ndani vikipinda kamera inakuwa pambo. Nikon D3100 haina mota ya kuendesha lenzi za zamani, hivyo lenzi ya bei rahisi inaweza kukaa bila kulenga yenyewe. Aidha, 600D huuzwa Japani kwa jina la Kiss X5 na Marekani kwa jina la Rebel T3i. Anayetozwa zaidi kwa sababu ya jina anatozwa bure.

Mtaji wa muda mrefu uko kwenye lenzi. Lenzi za Canon EF za tangu mwaka 1987 hufungwa kwenye DSLR zote za Canon, na kwa adapta hufungwa hata kwenye kamera mpya za EOS R zilizoanza mwaka 2018. Bodi ikifa, lenzi inauzika. Kwa kamera ngumu kila kitu kimeungana; kikifa, kimekufa chote.

Kabla ya kutoa fedha, namba ya bodi iandikwe kwenye risiti na jina la muuzaji liwepo. Kamera ya wizi hurudi kwa mwenyewe kupitia polisi, na marejesho ya kikoba yanabaki palepale.