Je, Wajua? Mwaka wa Kwanza wa Fundi Umeme

Je, wajua kwamba mwanagenzi wa umeme anaweza kukaa karakanani wiki kadhaa bila kushika waya wenye umeme hata mmoja? Hupewa tupa, msumeno wa chuma, futi na kipande cha bati. Anakata, anasugua, anatoboa, anapima tena. Wazazi wengine hulalamika kwamba kijana wao alikwenda kusomea umeme na sasa anafundishwa uhunzi. Lakini tundu la bati lililoachwa na ncha kali hukwaruza ganda la waya siku ya kuuvuta, na hitilafu yake hujitokeza miaka baadaye, fundi akiwa hayupo tena. Mkono hutangulia, umeme hufuata.

Kwamba Tanzania Bara mafunzo ya ufundi stadi husimamiwa na VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mwanafunzi hupanda kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tatu? Ukivuka mpaka kwenda Kenya, mambo hugeuka: kwenye mitihani ya ufundi ya mamlaka ya NITA, gredi ya tatu ndiyo ya chini, na gredi ya kwanza ndiyo kilele. Kwa hiyo fundi akikwambia ana "moja", muulize kwanza alisomea wapi.

Kwamba mmoja wa watu waliochangia zaidi katika umeme tunaoutumia leo alikuwa mwanagenzi, ila si wa umeme? Michael Faraday aliingia uanagenzi wa kujalidi vitabu jijini London mwaka 1805, akiwa na umri wa miaka 14, akautumikia miaka 7. Alikuwa akisoma vitabu alivyopewa kuvijalidi, na humo ndimo alimokutana na makala kuhusu umeme. Mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na koili ya waya huzalisha umeme. Jenereta zote za mabwawa yetu hufanya kazi kwa kanuni hiyo.

Kwamba umeme wa kwanza wa umma Dar es Salaam, mwaka 1908 chini ya Wajerumani, ulihudumia karakana za reli na mitaa waliyokaa wakoloni? Mwaka huohuo, kwa mujibu wa historia inayosimuliwa na Kenya Power, mfanyabiashara wa Mombasa Harrali Esmailjee Jeevanjee alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ndipo mji wa Mombasa ukapata kampuni yake ya umeme.

Kwamba somo la kwanza la hesabu ni mstari mmoja tu? Volti ni sawa na ampea mara omu. Georg Simon Ohm aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1827. Wanafunzi huikariri kwa siku moja, lakini kuielewa ni kazi nyingine. Chukua mfano wa mwili wa binadamu. Ngozi kavu hukinza kwa maelfu ya omu, na ikilowa ukinzani unaweza kushuka hadi karibu na 1,000. Gawa volti 230 za nyumbani kwa 1,000 upate ampea 0.23, yaani miliampea 230. Sasa angalia hatari inaanzia wapi: kwenye miliampea 1 hivi mtu huhisi mnyeo, kwenye 10 misuli hukaza akashindwa kuachia waya, na ikipita 30 pumzi na moyo vimo hatarini. Taa ndogo ya LED ya wati 10 hutumia takriban miliampea 43. Mkondo wa kuwasha taa ya chumbani unatosha kumuua mtu. Ningetamani kila mwanagenzi aifanye hesabu hii kwa mkono wake mwenyewe kabla hajakabidhiwa koleo.

Kwamba sakiti breka ya kawaida haikuwekwa kwa ajili yako? Kazi yake ni kulinda waya. Ndani yake mna vitu viwili: kipande cha metali mbili zilizounganishwa, kinachojipinda taratibu kikipata joto la mzigo uliozidi, na koili ya sumaku inayokata papo hapo ikitokea shoti. Mjerumani Hugo Stotz wa Mannheim aliisajili kama uvumbuzi mwaka 1924. Breka ya ampea 16 itatulia kimya huku miliampea 200 zikipita kifuani mwa mtu, kwa sababu kwake huo ni mzigo mdogo mno. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, kile kinacholinganisha umeme unaotoka na unaorudi: tofauti ikifika miliampea 30 hukata, na kwa uvujaji wa miliampea 150 hukata ndani ya sekunde 0.04. Kina kitufe cha kujaribia, na nyumba nyingi hazijawahi kukibonyeza tangu kifungwe.

Kwamba swichi inaweza kuzima taa na bado ikakuua? Fundi aliyeifunga swichi kwenye waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, badala ya waya hai unaouleta, ataona taa inawaka na kuzimika vizuri, mwenye nyumba atalipa, wote wataondoka wameridhika. Lakini taa ikiwa imezimwa, holda yake bado ina umeme wote. Anayepanda juu ya kiti kubadilisha balbu, akiwa na hakika kwamba swichi imezimwa, ndiye atakayelipia kosa hilo. Kuna dalili unayoweza kuiona mwenyewe: taa ya LED inayotoa mwanga hafifu au kumetameta usiku baada ya kuzimwa. Si lazima iwe ni kosa hilo, maana swichi zenye kitaa kidogo ndani nazo hufanya hivyo, lakini inastahili fundi aje aipime. Karakanani, mwanagenzi aliyefunga swichi upande wa nyutro hurudishwa mwanzo hata kama taa yake inawaka. Wengine huona ni ukali, mimi naona ndiyo maana halisi ya shule.

Kwamba rangi za nyaya zimewahi kubadilishana kazi? Hapa ningeomba msomaji atulie kidogo, maana jambo hili limejificha kwenye kuta za nyumba zetu. Mfumo wa zamani wa Uingereza, uliorithiwa Afrika Mashariki, ulitumia nyekundu kwa waya hai, nyeusi kwa nyutro, na kijani, au kijani na njano, kwa ethi, yaani waya wa ardhini. Uingereza ilifuata rangi za Ulaya, na tangu Aprili 2006 kazi zote mpya kule hutumia kahawia kwa waya hai na bluu kwa nyutro. Shida kubwa iko kwenye laini ya fezi tatu. Zamani fezi zilikuwa nyekundu, njano na bluu, siku hizi ni kahawia, nyeusi na kijivu. Nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi. Bluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro. Katika jengo lililoongezwa chumba baada ya chumba, rangi zote mbili zinaweza kukutana kwenye kisanduku kimoja. Ukienda Marekani mambo hubadilika tena: nyeusi ni waya hai, nyeupe ni nyutro. Ndiyo maana mwanagenzi hufundishwa kwamba rangi humpa dokezo, na kipimo ndicho humpa jibu.

Kwamba ile testa ya bisibisi, inayouzwa kila duka la vifaa, hutumia mwili wako kama sehemu ya njia ya umeme? Mkondo mdogo sana hupita kwenye kizuizi kilichomo ndani, kisha kwenye kitaa cha neoni, kisha kwenye kidole chako hadi ardhini. Ukisimama juu ya ngazi kavu ya mbao umevaa viatu vya mpira, kitaa kinaweza kufifia usikione. Juani ni hivyo hivyo. Kizuizi kikiharibika kwa unyevu, mkondo ule mdogo huacha kuwa mdogo. Mafundi wengi hodari wameitumia miaka yote na wanaipenda, nami siwabezi, lakini testa isiyowaka si ushahidi kwamba waya hauna umeme.

Utaratibu unaofundishwa mwaka wa kwanza una hatua tatu, na hakuna hata moja ya kurukwa. Jaribu kipimo chako mahali unapojua pana umeme. Pima pale unapotaka kufanya kazi. Kisha rudi ulipoanzia ukakijaribu tena, kuhakikisha hakikufa katikati ya safari. Hatua ya tatu ndiyo wengi huiacha. Kabla ya hapo mainswichi huzimwa, hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa anayefanya kazi. Kumwambia mtoto wa nyumba "asiwashe mtu" si kufuli.

Kwamba "waya wa mbili na nusu" hauna upana wa milimita mbili na nusu? Namba ile ni eneo la shaba ukiukata waya, yaani milimita za mraba 2.5. Waya wa uzi mmoja wa ukubwa huo una kipenyo cha takriban milimita 1.78, na ule wa 1.5 unaotumika kwenye taa ni takriban 1.38. Kwa jicho hutofautiana kidogo tu, na hapo ndipo mdanganyifu anayefunga mwembamba hupata faida yake. Hatari humbakia mwenye nyumba, kwa sababu joto la waya hupanda kwa mraba wa mkondo: ukiongeza ampea mara mbili, joto huongezeka mara nne. Hita ya kuogea ya wati 5,500 kwenye volti 230 huvuta takriban ampea 24. Ukiiunganisha kwenye waya wa soketi ya ampea 13 iliyo jirani, itafanya kazi siku ya kwanza.

Kwamba plagi yetu ya miguu mitatu mikubwa ilizaliwa na vita? Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliunda kamati ya kupanga umeme wa nyumba zitakazojengwa upya, na kiwango cha plagi hiyo kikatoka mwaka 1947. Mwanamke pekee kwenye kamati alikuwa mhandisi Caroline Haslett. Mguu wa ethi ulifanywa mrefu kuliko mingine ili uingie kwanza na kufungua vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya chini, mtoto asiweze kuchomeka msumari humo. Kila anayechomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili chaja ya miguu miwili iingie anaiondoa kinga hiyo kwa mkono wake. Ndani ya plagi mna fyuzi, na mwanagenzi hufundishwa kuacha waya wa ethi uwe mrefu kuliko waya hai, ili kamba ikivutwa kwa nguvu, waya hai uchomoke kwanza na ethi iwe ya mwisho.

Kwamba kile kiplastiki cha kushikilia skrubu ukutani, ambacho wengine hukiita fisha, kina babu yake aliyetokana na kazi ya umeme? Mwaka 1911 John Joseph Rawlings alitakiwa kufunga vifaa vya umeme katika Jumba la Makumbusho la British Museum bila kuharibu kuta, akabuni kizibo cha nyuzi za juti. Kile cha nailoni tunachokijua leo ni cha Mjerumani Artur Fischer, 1958.

Kwamba mita ya kupimia volti, ampea na omu kwa pamoja ilitokana na uchovu wa kubeba? Donald Macadie, mhandisi wa posta ya Uingereza, alichoshwa na kutembea na vifaa vingi tofauti, akaviunganisha kuwa kimoja. Kiliingia sokoni mwaka 1923. Mega, inayopima uimara wa ganda la waya kwa kusukuma volti 500, ni ya zamani zaidi: jina lake lilisajiliwa mwaka 1903.

Kwamba hitilafu nyingi zinazoanzisha moto huanzia kwenye maungio? Skrubu iliyolegea huacha mguso mdogo, mguso mdogo huzaa joto, joto hulegeza zaidi. Mwalimu mzuri hupita na kuvuta kila waya kwa vidole viwili kabla hajatazama kingine chochote. Tepu nyeusi juu ya nyaya mbili zilizosokotwa na kufichwa nyuma ya lipu haiwezi kukaguliwa hivyo, na ndiyo sababu maungio yanatakiwa yakae kwenye kisanduku kinachofunguka.

Kwamba zoezi la taa ya ngazi, inayowashwa chini na kuzimwa juu, ndilo huchuja darasa? Swichi mbili, nyaya mbili za kupokezana kati yake. Sehemu ya tatu ya kuwashia ikihitajika, huongezwa swichi ya kati yenye nafasi nne za nyaya. Asiyechora kwanza kwenye karatasi hubahatisha hadi jioni. Na mchoro una kazi hata nje ya shule: Tanzania Bara, mteja anayeomba kuunganishiwa umeme hutakiwa kuwa na mchoro wa nyaya uliogongwa muhuri na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati.

Kwamba hakuna kuwasha umeme kwenye ubao wa mazoezi mpaka vipimo vya bila umeme viishe? Kwanza muendelezo wa nyaya, hasa ethi. Kisha ganda la waya kwa mega, ukinzani wake usipungue megaomu 1. Kisha kuhakikisha kila swichi iko upande wa waya hai. Ndipo swichi kuu inapandishwa.

Na kwamba mwanagenzi husomeshwa kuokoa maisha kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi na wenzake? Mwenzako akinaswa, usimshike. Zima umeme, na kama huwezi, msukume kwa ubao mkavu kama ni umeme wa nyumbani. Waya wa laini kubwa uliodondoka usiukaribie kabisa, ita shirika la umeme. Akiwa hapumui, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi mbili kila baada ya mibonyezo 30 kama umefunzwa. Mkiwa wawili, pokezaneni kila dakika 2, kwa sababu mikono hupunguza kina kabla mwenyewe hajajihisi amechoka.