Kunakili Fremu Bila Kunakili

Swali ambalo huulizwa mara kwa mara na wanaoanza uhuishaji wa pikseli, yaani sanaa ya kuzipa mwendo picha zilizojengwa kwa vijiraba vya rangi vinavyopangwa kimoja kimoja, ni namna ya kuifanya programu inakili fremu yenyewe, ili mchoraji asirudie kwa mkono kazi aliyokwisha kuimaliza. Katika Aseprite, programu iliyoanzishwa na David Capello mwaka 2001, jambo hilo hufanywa kwa skripti, yaani mfuatano wa amri ulioandikwa tayari kwa lugha ya Lua, ambayo ilibuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro na ambayo jina lake kwa Kireno lina maana ya mwezi. Mistari michache yatosha, mradi anayepachika nakala katikati ya fremu zilizopo aanzie fremu ya mwisho na kurudi nyuma, kwa kuwa kila fremu inayopachikwa husogeza namba za zote zinazoifuata. Lakini skripti si sehemu ya ajabu ya jambo hili. Ajabu imo katika aina ya kunakili ambamo hakuna kinachonakiliwa.

Kila fremu ni sahani yenye matabaka, na mchoro uliomo katika tabaka moja la fremu moja huitwa seli, jina lililotoka kwenye seluloidi, ile karatasi angavu ambayo Mmarekani Earl Hurd aliombea hataza njia ya kuitumia mwaka 1914 ili mandhari yasiyotikisika yachorwe mara moja tu na wahusika wapite juu yake. Mhusika anayetembea kwa fremu 8 huenda akahitaji miguu 8 tofauti, ilhali kichwa chake ni kilekile. Kichwa hicho kikichorwa katika eneo la pikseli 32 kwa 32, ambapo kila pikseli huchukua baiti 4, seli moja ina baiti 4,096, na nakala 8 zina baiti 32,768. Aseprite huruhusu njia nyingine: ndani ya faili, seli ya kwanza hubeba picha, na zile saba zinazosalia hubeba, badala ya picha, namba ya baiti 2 inayotaja fremu ambamo picha hiyo imo. Programu ikifika fremu ya tano haikuti kichwa, hukuta anwani ya kichwa, kisha huifuata na kukionyesha kana kwamba kilikuwapo hapo siku zote.

Nyumba yenye ua mmoja na vyumba vinane yaweza kulieleza jambo hili. Uani umeota mwembe, na kila chumba kina dirisha linaloutazama. Anayepita chumba hadi chumba ataona miembe minane, ingawa aliyeipanda alichimba shimo moja tu. Mpangaji wa chumba cha tatu akikata tawi, madirisha yote nane yatalikosa tawi hilo papo hapo, na mti ukizaa, wote wataona maembe bila yeyote kumpelekea mwenzake habari. Hakuna dirisha lililo mwenyeji na jingine mgeni. Ikiwa mpangaji mmoja anataka mwembe wenye umbo jingine, hana budi kupanda wake mbele ya dirisha lake, na tangu siku hiyo mti wake hautahusiana tena na ule wa uani. Ndiyo kazi ya amri ya kutenganisha seli. Mchoraji anayegundua kwamba jicho la mhusika limekaa pikseli moja chini mno husahihisha mara moja, na fremu zote 8 zikawa sawa.

Seli za namna hii zastahili jina la Kiswahili. "Pacha" halifai, kwa kuwa pacha hufanana huku kila mmoja akiishi maisha yake, na hiyo ndiyo sifa ya nakala ya kawaida. "Kivuli" linavutia, lakini kivuli humfuata mwenyewe na hakiwezi kumwinua mkono, ilhali hapa mguso wa seli yoyote huzigusa zote. Neno lililo bora ni "seli shirika", kwa maana ileile ya mali ya shirika, ambayo kila mshirika anaimiliki nzima na hakuna anayeweza kuibadilisha kwa ajili yake peke yake. Lina pia faida ya kuliondoa neno "seli" karibu na biolojia na mahabusu.

Ushirika huo huenea hadi mahali pa picha, hivyo kichwa kinachopaswa kupanda na kushuka katika mwendo hakifai kuwa seli shirika katika fremu zote. Vilevile faili hufinyazwa linapohifadhiwa, na nafasi inayookolewa ni ndogo kuliko hesabu iliyotolewa hapo juu.

Anayetaka kuanza asitafute skripti kwanza. Aweke kichwa na miguu katika matabaka mawili, kisha alitie tabaka la kichwa katika hali ya mfululizo, ambayo huwashwa kwa kitufe kilichopo kando ya jina la tabaka. Kuanzia hapo kila fremu mpya itazaliwa na seli shirika yake bila amri nyingine yoyote.