Ulidungwa 2016? Ile Sindano Haikuwa Yako Pekee

Kama ulikuwa primo Mei 2016, pengine unakumbuka wahudumu wa afya wakitua shuleni na masanduku ya barafu. Kuna waliokimbilia chooni. Wengi walijua ni chanjo ya ukambi, basi. Kumbe ndani ya sindano hiyo hiyo kulikuwa na ya rubela, ambayo Kenya ilikuwa ikiianzisha. Walengwa walikuwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, karibu milioni 19 nchi nzima.

Piga hesabu. Waliokuwa na miaka 14 wakati huo sasa ni watu wazima. Hapa Nyansiongo kuna wanaochuna majani chai mtoto akiwa mgongoni.

Kwa mtoto, rubela ni kitu kidogo: homa, vipele, siku tatu hivi anarudi kucheza. Ndiyo maana watu huuliza, kwani kelele zote ni za nini? Kelele ni za mimba. Virusi vikimpata mama asiye na kinga katika miezi 3 ya kwanza, wakati mwingine hata hajajua ana mimba, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, na mtoto wa jicho, au moyo wenye kasoro. Au mimba itoke. Dawa ya kurekebisha hayo hakuna.

Marekani, mlipuko wa 1964-65 uliacha watoto wapatao 20,000 wakiwa hivyo. Kufikia 2015, bara zima la Amerika lilitangazwa kuwa limekomesha rubela. Ni chanjo tu.

Sisi huku bado tuna ule uvumi wa "sindano ya kufunga uzazi", uliopamba moto 2014 maaskofu Wakatoliki walipopinga chanjo ya pepopunda. Unanikera, kwa sababu hii ya rubela ndiyo inayolinda mimba yenyewe. Na mtoto akizaliwa kiziwi, kuna watakaoanza kunong'ona kuhusu mchawi. Gusii tunajua minong'ono hiyo huishia wapi: 2021 kule Marani, wanawake wanne waliuawa.

Julai 2025 kampeni ilirudi, safari hii pamoja na chanjo ya homa ya matumbo. Lakini si lazima usubiri kampeni. Kwenye kliniki za serikali ni bure, miezi 9 halafu miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo watu husahau, mtoto akishaanza kukimbia. Dada, kama hujui ulidungwa au la, uliza kabla ya kupata mimba, maana mjamzito hapewi, na ukishadungwa unangoja mwezi mmoja. Na wewe baba, kitabu cha kliniki kiko wapi?